Motokaa ya Sitta

Izki, 4 Septemba 1998

Mwanangu Khattab,

Asalaam alaykum. Simu yako ya juzi niliipokea, lakini nilichosikia ni upepo. Usipige tena. Andika. Masikio yangu yamechoka, macho bado mazima.

Neno lenyewe ni hili. Jina langu limechaguliwa kuingia katika msafara wa hija wa mwakani, na basi linaondoka Machi. Nimeshaanza kujisafisha. Majirani nawaomba radhi mmoja mmoja, hata mke wa Hamoud, ingawa kuku ni wake na mchicha uliodonolewa ni wangu. Kila kilicho cha mtu nimekirudisha: sufuria, mikeka, cherehani ya Bi Ghanima. Kimebaki kimoja, na hakibebeki. Ni motokaa ya Sitta, iliyomo chumba cha tende.

Wewe ulikuwa mdogo tulipoondoka Tabora, huijui habari hii. Marehemu mume wangu Thabit aliileta katika masanduku, akaiunga mwenyewe humo chumbani, akafariki kabla hajaitoa mlangoni. Hospitali, siku ya mwisho, alinishika mkono akasema: "Motokaa ya Sitta, Fakhriya. Isipewe mtu." Nami namjua Sitta. Sitta Lugembe, Mnyamwezi, mrefu, alikuwa hamwachi Thabit. Tabora yote iliijua kuwa motokaa ya Sitta. Kwa hiyo ni amana, na tangu siku hiyo sikumruhusu mtu kuigusa.

Una marafiki wanaokwenda Tabora na kurudi. Nitafutie Sitta, au wanawe. Nataka nijue mwenyewe anasemaje. Mimi Makka siendi na amana ya mtu shingoni. Nitakaa hapa, nafasi wataipa mwingine.

Shangazi yako,
Fakhriya


Sur, 13 Septemba 1998

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Miaka yote hii najua kile kitu chini ya magunia kuwa ni mashine ya kusaga. Nimekaa juu yake nikila tende. Leo unaniambia ni motokaa iliyokuwa ikitembea Tabora?

Rafiki yangu Nadhir anakwenda Tabora mwezi ujao kumwona mama yake. Nitampa barua amtafute Sitta. Lakini wakati tunangoja, nieleze: ina magurudumu ya mbao au ya chuma? Ina taa? Ina milango? Jina lake lipi?

Hapa kazini tunafunga mabomba ya mtambo wa gesi tangu asubuhi hadi tunasahau majina yetu, na leo msimamizi ameniuliza mara mbili nacheka nini. Nipe ruhusa nije Alhamisi moja niioshe. Kuosha tu. Hata Sitta mwenyewe akija, si vizuri aikute imejaa asali ya tende.

Mwanao,
Khattab


Izki, 20 Septemba 1998

Khattab,

Maswali yako mengi kuliko ya polisi. Mimi motokaa nilikuwa naiona kupitia dirisha, inapita na vumbi lake. Nilikuwa mke wa mtu, si fundi. Hamoud anasema kwa Kiarabu chake kwamba "sayyarat sitta" maana yake ina silinda sita. Nimemwambia Sitta ni mtu. Akasema hakuna mtu anayeitwa Sita. Nikamwambia kwetu wapo, na wengine ni warefu.

Njoo uoshe. Ukiosha, osha. Usifungue hata msumari. Cha mtu hakifunguliwi.

Fakhriya


Sur, 4 Oktoba 1998

Shangazi, shikamoo.

Ijumaa nilijaribu kukueleza wakati wa chakula, ukanipa chumvi. Basi nakuandikia.

Zile tende za miaka ishirini zimeitendea jambo la ajabu. Asali imedondoka kutoka magunia ya juu, ikaifunika yote, ikakauka ngumu kama gundi. Nilidhani nitakuta kutu chini yake. Nilimwaga maji ya moto, nikasugua kwa ndimu, na kilichotokea ni shaba, shangazi, shaba ya kumeremeta. Rejeta nzima ya shaba, imesimama mbele kama sinia. Magurudumu ya mbao, yenye njiti kama za gari la ng'ombe lakini nyembamba. Milango haina. Ina viti viwili tu, vifupi, vimelala nyuma, na tangi la petroli mgongoni mwao. Usukani umelazwa hadi kifuani pa dereva. Hii haikutengenezwa kwenda sokoni. Mtu aliyeitengeneza alitaka imshinde mtu mwingine.

Sasa sikia. Mbele ya rejeta kuna maandishi ya shaba, ya mkono, yamepanda mshazari. Nilianza kusugua upande wa kulia. Zikatoka herufi: a, kisha t, kisha t nyingine. Nikasema shangazi kasema kweli, jina la mtu limo. Nikaendelea. Ikatoka o, kisha s. Kisha ikatoka I kubwa. Isotta. Na chini yake, Fraschini.

Picha nimempelekea Marhoun, mwenye gereji pale Al Kamil, yule anayefufua malori ya zamani. Aliniuliza kwanza kama mlango wa chumba cha tende unafungwa vizuri. Anasema ni ya Kitaliano, ya mwaka 1908 au karibu yake, ya wakati motokaa ileile ilikuwa ikienda dukani siku za kazi na mashindanoni Jumapili. Silinda ni nne. Hamoud amekosea. Na nadhani, kwa heshima zote, nawe umekosea. Isotta ni jina la motokaa. Ami Thabit hakusema motokaa ni ya Sitta.

Khattab


Izki, 11 Oktoba 1998

Khattab,

Nimekwenda kuyasoma mwenyewe kwa miwani. Umeona vizuri ila umefahamu vibaya. Mtu akiandika jina lake juu ya kitu, kitu si chake? Hiyo I ni pambo la mwandishi. O na i zinafanana ukiwa na haraka. Na huyo Fraschini labda ni baba yake, maana ukoo wao sikupata kuujua vizuri.

Hutanihalalishia kitu kwa herufi moja, Khattab. Mwenye jina yupo, au wanawe wapo. Aseme mwenyewe kwa kauli yake.

Paa la chumba cha tende linavuja, na fundi anataka kulifungua kabla ya mvua. Ichukue uiweke pahali pa heshima mpaka jibu lije. Msumari ni uleule: usiuguse.

Fakhriya


Sur, 17 Oktoba 1998

Mzee Sitta Lugembe, shikamoo.

Hunijui. Mimi ni Khattab, mtoto wa kaka yake Bi Fakhriya, mke wa marehemu Thabit uliyekuwa rafiki yake Tabora. Anayekuletea barua hii ni Nadhir. Amekubali kukutafuta hata akikuta umehama.

Shangazi yangu anayo motokaa ya Kitaliano iliyoachwa na marehemu. Anaamini ni yako, na kwamba marehemu alimwachia amana. Mwezi wa Machi anatakiwa kwenda hija, na amesema hatakwenda mpaka mwenyewe apatikane. Ana miaka sitini na minne na masikio hayasikii, na nafasi ya hija ameingoja muda mrefu. Ikipita hii, sidhani kama ataomba tena.

Nakuuliza kwa ufupi: motokaa ni yako? Kilicho chako katika mali hiyo ni kipi? Utakalolisema ndilo tutakalolifanya.

Na kama hutachoka, niambie ilikuwa ikienda vipi. Iko kwenye gereji, nami kila nikipata nafasi naendesha kutoka Sur kwenda kuiangalia tu.

Khattab


Tabora, 19 Novemba 1998

Mwanangu Khattab,

Marahaba. Nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani kafa.

Mimi sina motokaa. Sijapata kuwa na motokaa. Nina baiskeli moja, na hiyo pia tuna ugomvi wa mnyororo. Ile ni Isotta, na ni ya Thabit. Mtaliano aliyekuja nayo huku alikuwa mjenzi wa madaraja. Alipoona vita vinakuja na Waingereza watamweka ndani, alimuuzia babake Thabit, mbele ya mashahidi, na shahidi mmoja nilikuwa mimi, kijana niliyekuwa nikimwoshea gari. Tangu hapo ni ya watu wa Thabit. Haina mwenye mwingine.

Thabit ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilikaa kushoto. Kazi yangu ilikuwa kupiga pampu ya oili kwa mkono na kumwambia kilicho nyuma, kwa sababu mwenye usukani ule hageuki. Kila Jumapili tulingoja treni ya Kigoma itoke stesheni, tukashindana nayo pale barabara ilipoandamana na reli. Dereva wa treni alikuwa Singasinga, akitupigia filimbi. Abiria walikuwa wakitoka nusu nje ya madirisha, wengine wanatushangilia, wengine wanatutukana kwa sababu wamelipa nauli. Treni ilitushinda mara mbili tu. Mara ya kwanza pancha. Mara ya pili kofia ya Thabit ilipeperuka, na kofia ile ilitarizwa na dada yake, asingethubutu kurudi nyumbani bila yake.

Watoto wa mjini walitusikia tukisema Isotta, Isotta, na aliyeonekana juu ya vumbi ni mimi kwa urefu wangu. Wakasema motokaa ya Sitta. Thabit hakuwasahihisha. Alikuwa akiniambia, "We Mnyamwezi una bahati, Wataliano wamekutengenezea motokaa wakakosea herufi tu." Siku ile hospitali nadhani alisema motokaa ya Isotta. Shemeji ni mcha Mungu, na mcha Mungu husikia kwanza kile anachokiogopa.

Karatasi imejaa. Naendelea kwenye nyingine.

Motokaa si yangu, lakini hendeli ya kuwashia ni yangu. Ile ya Kitaliano ilivunjika. Nikafua nyingine kwenye karakana ya reli, kwa chuma changu, nikapiga herufi S kwenye mkono wake. Thabit alipokuwa akifunga masanduku ya kuhama alisema, "Niazime hendeli yako, nikifika nitakuandikia ilivyowaka." Hakuandika wala hakuirudisha. Sidai. Umeniuliza kilicho changu, nami sikuzoea kujibu nusu. Mnayo?

Kama mnayo, jihadharini. Kidole gumba kisizunguke mpini. Kiwekeni upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma inavunja mkono. Mimi ilinivunja, muulize shemeji, aliniletea uji. Na msikate tamaa mapema. Mara ya kwanza ilikuwa ikisita. Mara ya pili ilikuwa ikikubali.

Msalimie shemeji. Mwambie mimi bado mrefu.

Sitta Lugembe


Sur, 13 Desemba 1998

Shangazi, shikamoo.

Kaa chini. Jibu la Sitta limekuja, nimelitia humu ndani kwa mkono wake mwenyewe. Yu hai. Motokaa si yake. Ni ya Ami Thabit, kwa kuuziwa na mashahidi. Amana haipo, na haikuwapo. Makka hiyo, shangazi.

Sasa nikwambie lililotokea Ijumaa, uniwie radhi kwa misumari. Mimi na Marhoun tulikuwa tumeshaifungua tangu mwezi uliopita. Tulisafisha magineto na kabureta, tukachonga gasketi za ngozi, tukapata matairi kwa njia ya Dubai. Jibu lilipofika hatukuweza kungoja.

Gereji ya Marhoun iko karibu na uwanja wa mbio za ngamia, nje ya Al Kamil. Ijumaa kulikuwa na mashindano. Tuliitoa Isotta kwenye mchanga mgumu, na kwa kuwa haina kitu cha kuizungushia injini, wanaume watano waliisukuma. Wakasukuma mpaka kofia zikaanguka. Ikakohoa. Wakasukuma tena. Ikapiga mlio mmoja kama bunduki, mwanamume aliyekuwa nyuma akalala kifudifudi, na tulipogeuka kumtazama tukajikuta hatuko naye tena. Tumeshaondoka.

Ngamia ndio kwanza walikuwa wameachiwa. Unajua wenye ngamia wanavyokimbiza mapikapu kando ya uwanja wakiwapigia kelele wanyama wao. Sisi tuliingia katikati ya mapikapu hayo, Marhoun kwenye usukani, mimi kushoto napiga pampu ya oili. Hakuna kioo mbele, hakuna mlango, mchanga unaingia mdomoni, na ile rejeta ya shaba inawaka jua. Ngamia wa kwanza alitugeuzia shingo akaacha kukimbia. Mwenyewe akatutukana kutoka dirishani. Mwingine akanipigia kelele kuuliza silinda ngapi, "Kam silinda? Sitta?" Nikamjibu, "La, arba'a," yaani nne, akashika masikio yake kuonyesha haamini. Tukampita. Shangazi, tukampita. Land Cruiser mpya, na sisi tumo katika kitu kilichotengenezwa kabla babu yangu hajaoa.

Tulipofika mwisho wa uwanja hatukujua kusimama ni kwa mguu upi. Ilisimama yenyewe kwenye rundo la majani ya ngamia. Haikupata hata mkwaruzo.

Ramadhani ikimalizika nitakuletea uione. Anza kufunga mzigo wako wa hija.

Khattab


Izki, 22 Desemba 1998

Khattab,

Nimefurahi, alhamdulillah. Kofia ya Thabit naikumbuka, na dada yake namkumbuka zaidi. Habari ya misumari tutaizungumza ukija.

Sasa nieleze jambo. Barua ya Sitta haina kwaheri wala sahihi. Mnyamwezi yule hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Alikuwa akiaga mara tatu, na bado anasimama mlangoni. Na chini kabisa ameandika kwa mkono wake: "Karatasi imejaa. Naendelea kwenye nyingine." Nawe unaniambia imekwisha.

Niletee hiyo nyingine. Niko katika saumu, usinitie hasira.

Fakhriya


Sur, 28 Desemba 1998

Shangazi, shikamoo.

Nilidhani utafurahi kabla hujafika chini.

Karatasi ya pili ni hii. Gereji na chumba cha tende nimevipekua mara mbili, hendeli haimo. Niliona si haki uikose hija kwa kipande cha chuma ambacho hakuna aliyekiona tangu Tabora. Nimekosa. Niadhibu, lakini usikose basi.

Khattab


Izki, 3 Januari 1999

Kwa Bwana Sitta Lugembe, Tabora.

Asalaam alaykum, na salamu nyingi kwa mkeo. Ni mimi Fakhriya, mke wa marehemu Thabit.

Barua yako imenifika, karatasi zote mbili, ya pili kwa kuchelewa, kwa sababu mtoto wa kaka yangu anadhani masikio yakizeeka na akili huzeeka. Ulipouliza hendeli iko wapi, niliinuka nikaenda mlangoni. Thabit alifariki kabla hajaiwasha, na chumba cha tende hakikuwa na komeo. Nikaona chuma sakafuni, kimepinda mara mbili, nikakipitisha kwenye pete za mlango. Kilikaa kama kilipimwa. Kwa kuwa kimepinda, hakichomoki chenyewe. Tangu siku hiyo nimefungia motokaa ndani kwa hendeli yako, asubuhi nakitoa, jioni nakirudisha. Herufi S iko pale pale ninaposhika. Vidole vyangu vinaijua. Nilidhani ni alama ya kiwandani.

Nilimwambia Khattab kwamba mtu akiandika jina lake juu ya kitu, kitu ni chake. Nilisema kweli, nilikosea kitu tu. Na siku zote nimeilinda motokaa yangu mwenyewe kwa amana yako.

Basi nakuuliza kwa uwazi. Kuna mtu anakwenda Dar es Salaam mwezi ujao, ninaweza kumpa akuletee. Au, kama moyo wako unaridhia, niambie, "Nimekupa, halali yako." Ila useme lako la moyoni. Kwa huruma sitaki. Basi letu linaondoka tarehe nane Machi, na sitapanda bila jibu.

Mkono uliovunjika ulipona sawasawa? Sikupata kukuuliza.

Shemeji yako,
Fakhriya


Tabora, 6 Februari 1999

Shemeji Fakhriya,

Salamu zimefika. Mkono ulipona, ila mvua ikikaribia unanipasha habari kabla ya redio.

Umeniambia niseme la moyoni, basi nasema. Sikupi.

Usiikunje barua, endelea. Nikikupa, itakuwa yako, nawe utakuwa huna sababu ya kuniandikia. Thabit aliazima akaondoka na mipango mizuri. Chuma hakikunisumbua, chuma kipo karakana nzima. Kilichonisumbua ni kwamba alisema ataniandikia ilivyowaka, nami nikangoja, kila basi la posta likija naangalia. Hakuandika. Hilo nimemsamehe kwa sababu sasa najua hakuiwasha.

Kwa hiyo nakuazima upya, mimi Sitta mwenyewe, mwenye akili timamu, mbele ya mke wangu ambaye anasema tunachezea stempu. Ruhusa ya kwenda Makka ukiwa na hendeli yangu mlangoni unayo. Sharti ni moja. Kabla hujaondoka motokaa iwashwe kwa hendeli hiyo, na uizungushe wewe, si vijana. Vijana wana nguvu, wanalazimisha. Kisha uniandikie ilisikikaje. Usiseme nzuri. Kila mtu anasema nzuri. Sema ilisikikaje.

Kidole gumba, shemeji. Tafadhali.

Sitta Lugembe


Izki, 21 Februari 1999

Khattab,

Lete motokaa. Na ulete oili. Imamu nimemwuliza, anasema chenye ruhusa ya mwenyewe si amana iliyokwama, ni cha kuazima, na mwenye cha kuazima anaruhusiwa kusafiri. Akauliza kama anaweza kuja kutazama. Nimemwambia aje, lakini mbele ya rejeta asisimame mtu.

Fakhriya


Izki, 7 Machi 1999

Kwa Bwana Sitta Lugembe, Tabora.

Asalaam alaykum. Kesho asubuhi tunaondoka. Mzigo uko mlangoni. Naandika sasa kwa sababu nimekuahidi kabla.

Khattab na fundi wake walishusha motokaa kutoka kwenye lori uani kwangu baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa. Wanawake walipanda juu ya paa, Hamoud akaja na kiti chake kutoka nyumbani. Nilikwenda mlangoni, nikachomoa komeo, nikarudi nalo. Kukawa kimya, kwa hisabu ya wengine. Kwangu kimya ni kila siku.

Khattab alikuwa kwenye usukani anashika vijiti fulani vilivyoko hapo. Fundi Marhoun aliniambia kwa mkono nimpishe, yeye ana nguvu. Nikamwonyesha barua yako. Nikaingiza hendeli mbele, ikakaa. Nikaweka kidole gumba upande mmoja na vingine. Nikavuta juu kwa uzito wa mwili, kama ndoo ya kisimani.

Mara ya kwanza ilisita.

Hamoud akacheka. Nilimwona tumbo likicheza.

Nikavuta tena, ikakubali. Unataka kujua ilisikikaje, nami nimefikiri tangu alasiri. Kwanza iliingia mikononi kupitia chuma. Kisha ikapanda kifuani. Kisha, Bwana Sitta, ikaingia masikioni. Simu sisikii, adhana naisikia kwa kuona wengine wanainuka, lakini ile niliisikia. Wanawake wanne wanatwanga kinu kimoja kwa zamu, na kila mmoja ana haraka ya kurudi kwao. Hivyo ndivyo ilivyosikika. Mmoja wao ana kikohozi kidogo. Khattab anasema atamtibu. Nimemwambia amwache.

Nilikuwa bado sijaaga nyumba za upande wa pili wa falaji, mfereji wetu wa maji. Basi nilipanda kushoto, pahali pako, Khattab akaendesha, nikapita kuomba radhi mlango kwa mlango. Pampu nilipiga mimi. Watu walitoka wakiwa hawajui waniombee dua au wakimbie. Kila niliyemwomba radhi alinisamehe haraka, wengine kabla sijasema kosa. Kwenye barabara ya lami Khattab alinitazama. Nikampungia mkono: nenda. Akaenda. Mtandio wangu ulivutwa nyuma nikaushika kwa meno, na nikamwelewa Thabit na kofia yake. Upande wetu hakukuwa na treni, lakini lilikuwako basi la kwenda Nizwa, na abiria walitoka nusu nje ya madirisha. Halikutushinda.

Hamoud bado anasema silinda sita. Nimemwomba radhi hata hilo.

Hendeli nimeirudisha kwenye pete za mlango. Chumba sasa kina tende tu ndani, motokaa imelala uani chini ya turubai. Ni yako, nimeiazima. Nikirudi nitakuandikia, na nisiporudi Khattab anajua anuani.

Kidole gumba kizima.

Shemeji yako,
Fakhriya